Mbwa Ana Mimba: Pesa Uiweke Wapi

Mtu akishagundua kwamba mbwa wake ana mimba, dukani ndiko anakokimbilia kwanza. Atarudi na vidonge vya kalsiamu, kopo la vitamini, maziwa ya unga na pengine kitanda cha sponji. Wiki kadhaa baadaye, saa nane za usiku, mtoto wa kwanza amekwama na mfukoni hamna hata nauli ya kufika kwa daktari. Fedha zilikuwepo, ila zilitumika mapema na pasipo pake. Kwa mbwa, mimba yenyewe ndiyo sehemu nyepesi kuliko zote. Kinachokula pesa ni kunyonyesha, na kinachoweza kukumaliza kwa usiku mmoja ni uzazi uliokwama.

Tuanze na chakula, maana hesabu yake mtu yeyote anaweza kuipiga. Chukua jike wa kilo 25, tuseme chotara wa German Shepherd. Asipokuwa na mimba anahitaji karibu kilokalori 1,250 kwa siku. Chakula kikavu cha dukani huwa na kilokalori 3,500 hivi kwa kilo, kwa hiyo gramu 360 zinamtosha. Mimba huchukua kama siku 63. Wiki tano za kwanza hakuna haja ya kumwongezea hata punje, kwa kuwa watoto bado ni wadogo sana. Ukimwongezea atanenepa tu, na mbwa mnene huzaa kwa taabu. Kuanzia wiki ya sita unapandisha kidogo kidogo, hadi mwishoni awe anakula nusu zaidi ya kawaida yake, tena kwa kumgawia mara tatu au nne kwa siku kwa sababu tumbo limebanwa. Ukijumlisha, mimba nzima inakula kama kilo 25. Bila mimba angekula karibu 23. Yaani mimba yote imekuongezea kilo mbili na ushee.

Sasa azae watoto saba. Maziwa hufika kilele wiki ya tatu na ya nne, na wakati huo mama anahitaji mara tatu ya chakula chake, kilo moja na zaidi kila siku. Kwa wiki sita za kunyonyesha atamaliza kama kilo 36, wakati kawaida yake ingekuwa 15. Weka bei ya mfano ya shilingi 8,000 kwa kilo, halafu ibadilishe kwa bei ya duka unalonunulia: nyongeza ya mimba ni kama shilingi 20,000, nyongeza ya kunyonyesha inapita 160,000. Hapo bado watoto wenyewe, ambao kuanzia wiki ya nne wanatumbukiza midomo na miguu kwenye bakuli la mama yao.

Kwa hiyo anayenunua mfuko wa chakula ghali siku alipomwona mbwa amepandwa, amewahi mno. Mfuko huo ungoje.

Mfukoni au sufuriani?

Wengi wetu hatulishi mbwa chakula cha mfuko. Tunapika: ugali wa dona au wa pumba, dagaa, vichwa na miguu ya kuku, utumbo na pafu kutoka buchani. Si chakula kibaya, na katika wiki tano za mwanzo kinatosha kabisa ikiwa kuna kitoweo cha kweli ndani yake na si mchuzi wa kudanganyia pua. Shida inakuja baadaye. Ugali una maji mengi. Kilo nzima ya ugali uliopikwa inatoa nishati ya karibu theluthi moja tu ya kilo ya chakula kikavu. Jike anayenyonyesha watoto saba angelazimika kula kilo tatu au zaidi za ugali kwa siku ili asikonde, na tumbo lake halina nafasi hiyo. Wa pumba ndio hasara kubwa zaidi, maana sehemu nzuri ya pumba huingia mbele na kutokea nyuma bila kumwachia kitu. Ndiyo sababu mtaani unamwona mama wa watoto wanane amebaki mbavu na matiti, na mwenye nyumba anaapa kwamba mbwa huyo anashiba kila siku. Anashiba kweli. Anashiba maji na makapi.

Kati ya mfuko na sufuria, njia ninayoiona ya busara kwa mtu wa kipato cha kawaida ni hii: chakula cha nyumbani hadi wiki ya tano ya mimba, kisha uchanganye na chakula kikavu cha watoto wa mbwa, angalau nusu kwa nusu, hadi watoto waache ziwa. Chagua cha watoto, usichukue cha mbwa wakubwa, hata kama kimezidi bei kidogo. Kina protini, mafuta na kalsiamu zaidi kwa kila gramu, na hayo ndiyo yanayotoka kwenye maziwa. Mfuko huohuo utakufaa watoto wakianza kula, kwa hiyo hununui mara mbili.

Ukibaki na sufuria peke yake, tia mafuta ya kupikia, ongeza mayai, na ongeza dagaa. Dagaa mkavu analiwa mzima na mifupa yake, kwa hiyo anatoa protini na kalsiamu kwa pamoja. Lakini dagaa wa kuku, yule anayeuzwa rahisi kwa ajili ya kuchanganyia chakula cha mifugo, mjaribu kabla ya kusifia bei yake: mwage kwenye ndoo ya maji, koroga, muopoe, kisha tazama chini. Ule mchanga uliotulia umeupimiwa kwenye mizani na umeulipia. Mara nyingine dagaa wa kula watu, kwa bei yake ya juu, anakuja kuwa sawa. Pafu na maini usimpe mabichi. Yale malengelenge yenye maji unayoyaona juu ya pafu la mbuzi au ng'ombe yana vimelea vya tegu anayekua ndani ya mbwa na kurudi kwa binadamu. Chemsha hadi yaive vizuri. Na mifupa mirefu ya kuku aliyepikwa itoe, kwa kuwa huvunjika vipande vyenye ncha.

Kitu kimoja usinunue kabisa wakati wa mimba: kalsiamu. Inauzwa kwa nia njema na inanunuliwa kwa nia njema. Mwili wa mbwa una utaratibu wa kuchota kalsiamu kutoka kwenye mifupa damu inapopungukiwa. Ukimlisha vidonge mimba nzima, utaratibu ule unazubaa, na siku maziwa yanapoanza kutoka kwa wingi unashindwa kuamka kwa wakati. Matokeo yake ni homa ya maziwa, ambayo mara nyingi hutokea katika wiki nne za kwanza za kunyonyesha, hasa kwa mbwa wadogo kama Chihuahua na Maltese wenye watoto wengi. Mama anahema ovyo, anatembea kama miguu ya mbao, anatetemeka, kisha anapigwa na degedege. Hapo ni dripu ya kalsiamu ya taratibu kutoka kwa daktari, upesi, na watoto watolewe ziwani. Mtu amelipia vidonge, kisha analipia tiba ya kile vidonge vilichosaidia kuleta. Daktari anaweza kumwandikia kalsiamu baada ya kuzaa. Hilo ni jambo jingine.

Chupa mbili zinazofanana

Minyoo mikubwa ya mbwa hupita kutoka kwa mama kwenda kwa watoto wakiwa bado tumboni, na mingine kupitia maziwa. Mtoto anazaliwa nayo. Dawa inayotumika kuizuia ni fenbendazoli, miligramu 25 kwa kila kilo ya mwili, kila siku kuanzia siku ya 40 ya mimba hadi siku ya 14 baada ya kuzaa. Kwa jike wetu wa kilo 25 hiyo ni miligramu 625, sawa na mililita sita na robo za dawa ya maji yenye nguvu ya asilimia 10. Katika siku 37 hivi zote, ni mililita 230 au zaidi kidogo.

Hapa pana nafuu ya kweli. Ukinunua vidonge vya mbwa kwa siku zote hizo utalia. Fenbendazoli ya maji iliyotengenezwa kwa ajili ya mbuzi na ng'ombe ni dawa ileile, na daktari akishakupimia kipimo unatoka kwa sehemu ndogo ya gharama. Ila soma chupa. Ipo ya asilimia 10 na ipo ya asilimia 2.5, na ukizichanganya umempa robo ya dozi au mara nne yake. Hatari zaidi ni jirani yake wa rafuni, albendazoli, yenye jina linalofanana na rangi inayofanana, ambayo ndiyo maarufu zaidi madukani. Albendazoli inaweza kuharibu mimba. Muuzaji akisema "zote ni za minyoo, mama, chukua hii tu," mrudishie.

Kwa kupe, vumilia hadi uulize. Dawa nyingi za kuogeshea ng'ombe hazifai kwa jike mwenye mimba, na zile zenye amitrazi zisimguse. Antibayotiki za jamii ya tetrasaiklini, ambazo watu huzitoa kabatini kila mbwa akipooza, huweza kuharibu meno na mifupa ya watoto. Chanjo nazo zina wakati wake: nyingi huchanjwa kabla ya kupandishwa, na zenye virusi hai hazichomwi mimba ikishaingia.

Kupima

Kipimo cha bei ndogo kuliko vyote, kile kijiti cha mkojo cha duka la dawa za binadamu, hakifai hata kidogo. Kinatafuta homoni inayotolewa na kondo la binadamu, na mbwa hana.

Vinavyofaa ni vitatu. Mkono wa daktari mzoefu kati ya siku ya 28 na ya 35 unaweza kugusa vinundu vya mimba. Mara nyingi umo ndani ya ada ya kumwona. Baada ya hapo vinundu huungana na mkono hauambulii kitu. Altrasaundi kuanzia wiki ya nne inaonyesha mapigo ya moyo, na inakuambia kama watoto wako hai, lakini kwa kuwahesabu haiaminiki. Eksrei baada ya siku ya 55, mifupa ikishakomaa, ndiyo inayohesabu: unahesabu vichwa na migongo.

Mwenye pesa ya kipimo kimoja ataambiwa na wengi achukue altrasaundi, kwa sababu inafurahisha na inatoa jibu mapema. Kwa maoni yangu pesa hiyo ina kazi zaidi kwenye eksrei. Kujua wiki ya nne kwamba ana mimba hakubadilishi chakula wala dawa kwa siku kadhaa. Unaweza kuendelea kama vile anayo. Kujua kwamba watoto ni sita kunabadilisha usiku mzima wa kuzaa, maana wakitoka watano na mama akatulia, unajua bado kuna mmoja ndani na saa inakwenda. Eksrei pia inamwonyesha daktari mtoto mmoja mkubwa aliyebaki peke yake, ambaye mara nyingi ndiye anayekwama. Altrasaundi iwe ya kwanza pale tu unaposhuku tatizo: anatoa uchafu ukeni, anakunywa maji kupita kiasi, au matiti yamejaa na anatandika nguo pembeni lakini huna hakika alipandwa. Mbwa hushika mimba ya uongo, tena na maziwa juu.

Kwa mbwa wa kienyeji mwenye umbo la wastani aliyekwisha kuzaa salama, wala usijisumbue na vyote viwili. Mpeleke aguswe tumbo, basi.

Usiku wenyewe

Kipimajoto cha dijitali cha duka la dawa ni miongoni mwa vitu vya bei ndogo vinavyofanya kazi kubwa. Joto la mbwa ni kati ya 38 na 39. Linaposhuka chini ya 37.2 kwenye njia ya haja kubwa, kwa kawaida kuzaa kuko ndani ya saa 24. Mpime asubuhi na jioni kuanzia wiki ya mwisho. Ongeza glavu, ayodini ya kitovu, uzi safi, mkasi uliochemshwa na mizani ya jikoni ya kupimia watoto. Mtoto mzima huongezeka kila siku na uzito wake hufika maradufu ndani ya siku kumi hivi. Asiyepanda kwa siku nzima ni mgonjwa hata kama analia vizuri.

Boksi la kuzalia fundi seremala atakutengenezea kwa mbao za makreti, na hilo linazidi vitanda vyote vya dukani ukimwambia aweke ukingo ndani, kama sentimita 10 kutoka ukutani, ili mama akiegemea asimbane mtoto. Tandika magazeti na juu yake khanga kuukuu zinazofulika. Maranda usiweke, yanaingia puani. Joto la ndani ya boksi wiki ya kwanza linatakiwa liwe 29 hadi 32, kwa sababu watoto hawawezi kutetemeka wajipashe. Aliyeko Dar es Salaam au Tanga mwezi Februari asinunue taa yoyote, awatafutie kivuli na upepo. Aliyeko Njombe au Mbeya mwezi Juni lazima anunue, na taa ya vifaranga inatosha ikifungwa upande mmoja tu wa boksi, ili mwenye kuona joto ahame. Umeme ukikatika, chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwa taulo inasaidia. Jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa linaua watoto na mama, na hata wewe unayewachunga.

Kabla ya siku hiyo, piga simu kliniki mbili mchana wa siku ya kazi na uulize: "Dokta, mnapasua usiku? Anayepasua ni nani, na malipo yanaanzia wapi?" Majibu yatatofautiana kuliko unavyodhani. Kuna kliniki ya bei nzuri inayofunga saa kumi na mbili jioni. Kwa kazi hii haikufai. Wenye bahati ya kukaa karibu na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, au na kampasi ya Kabete ya Chuo Kikuu cha Nairobi, waanze na kliniki za vitivo vyao vya udaktari wa wanyama. Afisa mifugo wa kata anakuja nyumbani kwa gharama ndogo na kwa minyoo na ushauri anafaa sana, lakini upasuaji ni kazi ya daktari aliyesajiliwa. Tanzania ina Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003, na Baraza la Veterinari ndilo linalosajili. Kumuuliza mtu usajili wake si utovu wa adabu. Usafiri nao upange mapema. Madereva wengi wa bajaji hawabebi mbwa, kila mmoja kwa sababu zake, na usiku wa manane si wakati wa kubembelezana.

Mpeleke ikiwa amesukuma kwa nguvu nusu saa bila mtoto kutoka, au zimepita saa mbili kati ya mtoto na mtoto na unajua wapo zaidi, au uchafu wa kijani umetoka kabla ya mtoto wa kwanza. Asitokee mtu wa kumchoma sindano ya uchungu nyumbani "ili kuokoa gharama ya upasuaji". Oksitosini kwa mtoto aliyekwama inaweza kupasua kizazi, na hapo unalipia upasuaji mgumu zaidi, pengine bila kumpata mama.

Upasuaji ndio gharama kubwa kuliko zote, mara kadhaa ya altrasaundi na eksrei zikiwekwa pamoja. Pesa yake itengwe mwanzoni, kabla ya vitamini na kabla ya kitanda. Isipotumika, itanunua chakula cha kunyonyesha. Ikiwa mbwa wako ni English Bulldog au French Bulldog, ihesabu kama imeshatumika: utafiti uliochapishwa Uingereza mwaka 2010 ulikuta zaidi ya mimba 8 kati ya 10 za aina hizo ziliisha kwa upasuaji. Anayemnunua jike wa aina hiyo ili "azalie pesa" aanze kwa kutoa gharama hiyo kwenye faida yake.

Maziwa ya unga ya watoto wa mbwa yasinunuliwe mapema. Yanahitajika mama akifa, akikosa maziwa au akiugua, na si kila jike anapatwa na hayo. Ujue tu duka lipi linayo. Maziwa ya ng'ombe yana chini ya nusu ya mafuta na protini za maziwa ya mbwa na yana sukari ya maziwa nyingi zaidi, ndiyo maana watoto wanaonyweshwa hayo wanaharisha na kukonda. Kwa usiku mmoja, ukiyatia kiini cha yai na mafuta kidogo, yatakusogeza hadi asubuhi. Mnyonyeshe mtoto akiwa amelala kifudifudi kama anavyonyonya kwa mama, asilazwe chali akapaliwa.

Na kama huitaki mimba hiyo

Mara nyingi mimba haikupangwa. Geti liliachwa wazi, dume wa jirani akafanya yake. Hapo chaguo la bei ndogo machoni ni sindano. Sindano za estrojeni za "kutoa" ni hatari kwa uboho na kwa kizazi. Sindano za homoni za kuzuia joto la kutaka dume, zikiwemo zile za uzazi wa mpango za binadamu ambazo wengine huwachoma mbwa, huongeza uwezekano wa usaha kujaa kwenye kizazi, na usaha huo ukijaa tiba yake ni kupasua na kukiondoa, kwa haraka na kwa bei ya dharura.

Kumfunga kizazi kwa upasuaji kunalipwa mara moja. Daktari anaweza kumfunga hata mimba ikiwa changa. Kwa jike uliyekusudia azae mara moja tu, ukifika kwenye upasuaji wa kuzalisha muulize daktari kama hali yake inaruhusu kizazi kiondolewe papo hapo. Ni dawa ya usingizi mara moja badala ya mbili, na ataendelea kutoa maziwa. Ukilinganisha na wiki sita za chakula cha mara tatu, dawa ya minyoo kwa watoto saba kila wiki mbili, chanjo zao za kwanza na kuwatafutia watu wa kuwachukua, hata kliniki ya bei ya juu inaonekana rahisi.

Aliyezaa kwa njia ya kawaida asubiri watoto waache ziwa na maziwa yakauke. Lakini asijisahau: mbwa huingia joto kila baada ya miezi sita au saba hivi, hesabu ikianzia joto lililopita, haianzii siku ya kuzaa. Aliyepandwa Januari akazaa Machi anaweza kuingia joto tena Julai. Miadi ya kumfunga ikiwekwa Juni, inawahi.